Majani ya Februari, malipo ya Julai: kisa cha kiwanja kimoja Isyesye

Swali la kufyeka mwenyewe nyumbani kwako au kumlipa mtu, kwa sisi wa Mbeya, halijibiki mpaka kwanza utaje mwezi. Familia ninayoieleza hapa ilichukua karibu mwaka mzima kuliona hilo. Katikati walipoteza fedha nyingi na miparachichi miwili, na hakuna hata kimoja kilicholazimika kupotea.

Wahusika ni mwalimu wa sekondari na mkewe, muuguzi anayefanya kazi kwa zamu. Kiwanja chao cha Isyesye kina mita 30 kwa 40, kimeinama kidogo kutoka nyuma kuja mbele. Nyumba, banda la kuku na njia ya gari vinachukua kama theluthi moja, na kwingine kote kulikuwa majani. Mama mzazi wa mwalimu, ambaye pale kila mtu humwita bibi, alihamia kwao kutoka Rungwe. Mtoto mkubwa yuko kidato cha tatu, bweni, na mdogo yuko darasa la nne. Majina nayaacha. Mimi waliniita kama rafiki wa nyumbani niwasaidie kupiga hesabu, nao wamekubali niandike.

Majani yenyewe ni ukoka ule mnene wa nyanda za juu unaotambaa, ambao wataalamu wa malisho huuita nyasi ya Kikuyu. Ni mmea wa kwetu, wa milima ya Afrika Mashariki, na hali ya hewa ya Mbeya inaupendeza kupita kiasi. Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba, zinakolea Desemba hadi Machi, zinaishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwenye udongo huu wa majivu ya volkano, ukoka uliokatwa Jumamosi moja ya Februari unakuwa umefunika kifundo cha mguu kabla wiki mbili hazijaisha. Ukoka huohuo ukiutazama Julai umesimama. Baridi imeuchoma ncha, mvua hakuna, na mwenye nyumba anaweza kukaa wiki nyingi asiguse chochote.

Mwalimu alinunua fyekeo kiangazi, mwaka waliohamia. Akafyeka mara moja, akakaa mwezi na nusu, akafyeka tena. Akaona kazi inabebeka. Mkewe alipotaja kutafuta mtu alijibu kwamba mwanaume mzima hawezi kulipia majani ya nyumbani kwake, na majirani wawili watatu wakamuunga mkono. Maneno hayo nayasikia sana mitaani kwetu na siyakubali. Mtu anayefundisha wiki nzima, na mwenzake anayekesha wodini, si wavivu kwa kumlipa kijana afyeke. Hoja ya kuwatazama ni muda walio nao na mwezi wenyewe, basi.

Januari ikafika na mambo yake yote. Shule zinafunguliwa, mwalimu anarudi na madaftari nyumbani, mkewe amepangiwa zamu za usiku, mvua inanyesha karibu kila mchana. Jumamosi akipata nafasi majani yamelowa, na fyekeo kwenye ukoka mnene uliolowa halikati. Linaulaza tu, kesho unainuka. Wiki tatu zikapita. Mtaro wa nyuma ya jiko ukafunikwa kabisa, maji yanayoshuka kutoka juu ya kiwanja yakakosa njia, yakaingia stoo na kulowesha magunia ya mahindi upande wa chini. Siku hiyohiyo akaja jirani wa upande wa mteremko, mama mtu mzima, mpole. Akasema, “Mwalimu, samahani sana. Watoto wameona nyoka anatokea huko kwenu.” Hakuongeza neno, wala halikuhitajika.

Kuna mtu mmoja katika nyumba hii angeweza kusaidia, yule wa kidato cha tatu, aliyekuwa likizo mwezi wa kumi na mbili kabla majani hayajapanda. Aliombwa, akakataa, na baba hakumlazimisha. Sababu yake nimeitafakari sana. Kwa kijana huyu fyekeo ni adhabu. Shuleni ukichelewa unafyeka, ukizungumza darasani unafyeka, na ukubwa wa kosa unapimwa kwa ukubwa wa eneo unalopewa. Baba yake mwenyewe ametoa adhabu hizo miaka mingi. Halafu tunashangaa vijana wetu hawataki kushika zana za bustani, katika mkoa ambao chakula chote kinatokana na jembe. Inanisikitisha, na ningependa walimu wenzake walifikirie.

Baada ya lile la nyoka wakatafuta kampuni ya usafi na bustani. Walikubaliana kwa mdomo, shilingi 100,000 kwa mwezi, wanakuja mara moja kila mwezi. Wakaja vijana watatu wenye mashine za kufyekea za begani, na kabla ya saa sita kiwanja kizima kilikuwa wazi, mtaro umezibuliwa, taka zimebebwa. Mkewe aliniambia kwamba siku ile alitoka zamu, akaoga, akalala bila kuwaza lolote la nje, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Usingizi wa muuguzi wa zamu una thamani. Ukiuacha nje ya hesabu, kampuni itaonekana ghali kuliko ilivyo, na mimi sikuuacha.

Tatizo la kwanza lilikuwa hiyo mara moja kwa mwezi. Kanuni ya majani ya bustani, ambayo yeyote aliyeyatunza kwa muda anaijua hata kama hajaisoma, ni kwamba usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkato mmoja. Msimu wa mvua, ukoka ulioachwa mwezi mzima ni mrefu mno. Ukitaka uonekane umekatwa inabidi ushuke hadi kwenye vikonyo vya kahawia, na hivyo ndivyo vijana walivyofanya. Kiwanja kikawa na mabaka makavu katikati ya masika, na kwenye mabaka hayo yakaota magugu ambayo hayakuwepo. Hapa siwalaumu vijana. Ratiba waliyopewa haikuwaachia namna nyingine. Mteja alinunua mkato wa mwezi kwenye jani linalotaka mkato wa siku kumi.

La pili ni miparachichi, na hili ningependa msomaji mwenye miche nyumbani alisome taratibu.

Kulikuwa na mitatu, ya aina ya Hass, miche ya kubebesha, iliyonunuliwa Rungwe na kupandwa na bibi mwenyewe, ya mwaka wa pili, mashina yake unene wa mpini wa jembe. Ukoka ulikuwa umetambaa hadi kwenye shina. Mashine ya begani haina kisu kwa kazi ya namna hii, ina uzi wa nailoni unaozunguka kwa kasi kubwa, na uzi huo unakata jani lakini kwenye shina changa unakwangua gome. Kijana akizungusha mashine kulifuata jani la mwisho lililoshika mti, gome linatoka bila yeye kusikia, kwa sababu ya kelele. Ziara ya kwanza ilikwangua upande mmoja, ya pili ikakwangua upande mwingine, na ya tatu ikaunganisha.

Chakula cha mti hutengenezwa kwenye majani yake, kisha hushuka mizizini kwa kupitia sehemu ya ndani ya gome. Maji yenyewe hupanda kwa njia nyingine, ndani zaidi, kwenye mti mgumu ulio chini ya gome. Gome likikatika mzunguko mzima, maji yanaendelea kupanda na majani yanabaki ya kijani kwa wiki nyingi, huku mizizi huko chini inakufa njaa. Ndiyo maana hakuna aliyehusisha mambo haya mawili. Mkato ulikuwa Machi, majani yakaanza kuwa manjano karibu na Juni, na kila mtu akasema ni baridi. Bibi ndiye aliyepiga magoti na kuondoa majani makavu chini ya shina. Nilikuwepo. Kulikuwa na mkanda wa mti mkavu, mweupe, upana wa vidole viwili, umezunguka shina lote kwa kimo kilekile, na juu yake gome limevimba kama mdomo. Mti wa pili ulikuwa hivyohivyo. Wa tatu ulibakiwa na kipande cha gome upande wa mashariki, na huo uko hai mpaka leo.

Msimamizi wa kampuni alikuja, akatazama, akasema ni ugonjwa wa mizizi. Ugonjwa wa mizizi ya parachichi upo, na huku kwetu unaua miti kweli, hasa penye maji yanayotuama. Lakini haukati gome kwa mstari ulionyooka, kimo kimoja, kwenye miti miwili iliyo mbalimbali. Mwalimu alikasirika sana. Hakuwa na karatasi yoyote inayosema nani anawajibika kwa kitu gani, kwa hiyo hasira yake haikuwa na pa kushika. Mwishowe walipewa huduma ya mwezi mmoja bila malipo. Mwalimu alitaka kuikataa. Mkewe akaipokea, na nadhani alifanya vizuri, kwa sababu waliitumia baadaye kusafisha eneo la nyuma kabla ya kulilima.

La tatu ndilo lililofanya niitwe. Juni, Julai, Agosti, kampuni iliendelea kuja na kuendelea kulipwa. Majani hayakuwepo ya kukata. Vijana walifagia njia ya gari, wakaokota majani makavu, wakaondoka mapema. Kwa mwaka, makubaliano yale yalikuwa shilingi 1,200,000, na karibu nusu yake ilikuwa inaangukia miezi ambayo ukoka umelala. Mwalimu alitaka kuvunja makubaliano papo hapo na kununua mashine yake. Dukani Mwanjelwa alikuwa ametajiwa shilingi 380,000.

Mashine sikuiunga mkono. Injini ya aina ile inataka mafuta yachanganywe petroli na oili kwa kipimo chake, inataka miwani na buti kwa sababu inarusha mawe, na inataka mtu mwenye muda. Mwenye muda ndiye aliyekosekana Januari. Mashine ingeharakisha kazi ya mwalimu, lakini mvua ya kila mchana ingebaki palepale, na madaftari vilevile.

Nilichowauliza kwanza ni kwa nini wana majani mengi hivyo. Wote wawili walinyamaza. Bibi alicheka na kusema jambo aliloanza kulisema tangu siku aliyohamia: “Mwanangu, ardhi nzuri hivi mmeipanda kitu kisichopikwa?” Mkewe alikuwa na jibu lake, na ni jibu la haki. Mbele ya nyumba anataka nafasi ya watoto kucheza na ya kuweka turubai kukiwa na shughuli, na familia ya Kinyakyusa haikosi shughuli. Nyuma na pembeni hakuna aliyekuwa na sababu. Majani yaliachwa huko kwa kuwa hakuna aliyeamua kitu kingine.

Kwa hiyo kabla ya kujadili nani akate, tulipunguza cha kukatwa. Mbele pamebaki kipande cha mita za mraba kama 150. Sehemu ya nyuma, iliyo juu ya mteremko, imekatiwa kinga maji moja, yaani tuta la kuzuia maji, kwa kukingama na mteremko, na juu yake wamepanda mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe. Chini yake ni bustani ya bibi ya maharage, viazi mviringo, chainizi na maboga. Mabingobingo ni ya jirani wa nyumba ya tatu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Anakuja mwenyewe na mundu, anavuna kwa zamu, anabeba. Malipo yake ni samadi, na bibi ndiye anayeikagua kama imeoza vizuri.

Hapa kuna hatari na niliwaeleza wazi. Mabingobingo yakiachwa yanakuwa marefu kuliko mtu, na nyoka aliyewaleta hapa atapata makazi bora kuliko ya kwanza. Yanapaswa kuvunwa kila wiki sita hadi nane msimu wa mvua, yasipite kimo cha mita moja hivi, na yasikaribie upande wa yule mama wa mteremko. Mwenye ng'ombe akisafiri, mwalimu anapaswa kutafuta mwingine wiki hiyohiyo. Na bustani nayo si mapumziko. Inataka palizi kuliko majani yanavyotaka fyekeo. Tofauti ni kwamba kazi yake kuna mtu anayeipenda, yuko nyumbani mchana kutwa, na mwisho wake ni chakula.

Ndipo tukafika kwa mtu wa kulipwa. Mjumbe wao aliwaelekeza kwa kijana wa mtaa wa pili anayefanya vibarua vya bustani. Alikuja akamsalimia bibi kwanza, “Shikamoo bibi,” naye akaitikia na kumwita mjukuu wangu, akaanza kumwonyesha mti wa tatu na jeraha lake kabla mwalimu hajafungua mdomo. Mwalimu alipendekeza jambo lililoonekana la akili baada ya hasara ile: atamlipa kwa kila mkato, msimu wa mvua tu. Kijana alisikiliza akajibu kwa utulivu, “Sawa mwalimu. Ila ukiniita mvua tu, kiangazi mimi nitakuwa Chunya.”

Anasema kweli. Vijana wengi wa hapa mjini hukimbilia machimbo ya dhahabu Chunya vibarua vinapokauka, na wengine hawarudi Novemba. Mwalimu angepata kila mvua mtu mpya, asiyejua ni wapi mtaro unapita wala kwa nini mti ule haukaribiwi na fyekeo. Lile alilolikasirikia kwa kampuni, yaani kulipa Julai, lilikuwa na kiini cha haki ndani yake. Kosa lilikuwa kulipia kazi isiyokuwepo, wakati kazi ya kweli ya kiangazi ipo na hakuna aliyeitaja.

Kwa hiyo waliipanga. Msimu wa mvua, kijana anafyeka kipande cha mbele kila baada ya siku kumi kwa shilingi 10,000, akiacha jani na urefu wa vidole vitatu hivi. Kwa miezi sita hiyo ni 180,000. Kiangazi ana siku mbili kila mwezi kwa 12,000 kwa siku, jumla 144,000: kupogoa uzio na miti, kuchimba mashimo mapya ya miparachichi ya sentimita 60 kila upande na kuyajaza udongo wa juu na samadi mapema, kumwagilia mti uliopona, na Oktoba kuuzibua mtaro wote kabla tone la kwanza halijaanguka. Kwa mwaka ni 324,000. Kuondoa ukoka nyuma kulikula vibarua vya 120,000, na hilo ni la mara moja. Hata mwaka wa kwanza wako mbali sana na 1,200,000, na mtu anayefanya kazi anajua atakuja lini na atalipwa nini.

Niliwashauri waandike karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na watu wengi huona kibarua wa bustani hahusiki na mambo ya namna hiyo. Mimi naona yeye ndiye anayeihitaji zaidi karatasi, na mwenye nyumba naye anaihitaji, kama miparachichi ilivyoonyesha. Ni ukurasa mmoja: kazi, siku, malipo, nani ananunua buti na glovu (mwalimu), nani anagharamia matibabu akijikata akiwa kazini (mwalimu), na sentensi moja kwamba hakuna chombo chochote, fyekeo wala mashine, kinachosogea karibu na shina la mti. Kuzunguka kila shina kuna duara la matandazo la hatua moja, yasiyogusa gome, na majani yakiota humo yanang'olewa kwa mkono. Kazi hiyo amepewa mdogo wa darasa la nne, nusu saa siku ya Jumamosi, na baba yake anakaa naye.

Mwalimu amejibakizia uzio wa michongoma upande wa barabarani, ambao anapenda kuukata mwenyewe kwa mkasi, na usafi wa mtaa wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mkewe hajaongezewa kazi yoyote ya nje, na hilo lilikuwa sharti langu kabla ya kukubali kukaa kwenye hesabu hizi, kwa sababu katika nyumba nyingi za kwetu “tutafanya wenyewe” huishia mikononi mwa mama.

Ambalo bado halijaisha ni bei. Kijana anaona 10,000 kwa mkato itakuwa ndogo Februari, ukoka ukishakolea, kuliko Desemba, na amesema hivyo mbele ya wote. Nimewashauri wampe 13,000 kwa Januari hadi Machi. Mwalimu ameomba muda afikirie, na bibi ameshamwambia mjukuu wake kwamba tofauti italipwa kwa viazi.